Septemba ya timu inayochapwa: namna ya kuwapima wachezaji wake kwa haki

White Sox ya Chicago ilifunga msimu wa 2024 ikiwa na ushindi 41 na vipigo 121. Tangu mwaka 1900 hakuna timu ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani iliyopoteza mechi nyingi hivyo katika msimu mmoja. Rekodi ya zamani, vipigo 120, ilikuwa ya New York Mets ya 1962. Ndani ya msimu huohuo White Sox ilichapwa mara 21 mfululizo, kuanzia Julai 10 hadi Agosti 5. Shabiki aliyepitia hayo, Septemba ikiingia, huwa amebakiwa na kauli mbili: "wafukuzwe wote" na "huyu dogo aliyepandishwa juzi ndiye mkombozi". Zote mbili zina chanzo kimoja, nacho ni kumsoma mchezaji kupitia matokeo ya timu.

Utaratibu ulio hapa chini unatenganisha hayo mawili. Unahitaji daftari, kikokotoo cha simu, takwimu za kawaida zinazopatikana bure mtandaoni, na mechi nne au tano za kutazama kwa macho yako. Tunaitumia White Sox ya 2024 kama mfano kwa sababu matokeo ya baadaye yanajulikana, kwa hiyo tunaona kipimo gani kilisema kweli na kipi kilidanganya.

Maneno machache kwanza, kwa aliyezoea soka. Mechi ina awamu tisa. Mrushaji anamrushia mpigaji. Straiki ni mrusho anaoukosa, au mzuri anaouacha upite. Straiki tatu zinamwondoa mpigaji, mirusho minne mibaya inampa besi ya bure, besi ikiwa kituo anachokimbilia. Hiti ni mpira uliopigwa ukamfikisha mpigaji besi salama. Mkimbio ni pointi. Zamu ni kila mara mpigaji anaposimama kupiga. Na ligi hii haina kushuka daraja: timu ya mwisho inabaki palepale mwakani, ndiyo maana mechi za Septemba, zisizobadilisha msimamo, hugeuka uwanja wa majaribio.

Anza na mikimbio, si ushindi

Chukua mikimbio iliyofungwa na timu na ile iliyofungwa dhidi yake. White Sox ya 2024 ilifunga 507 na kufungwa 813. Zidisha kila namba kwa yenyewe: 257,049 na 660,969. Gawa ya kwanza kwa jumla ya zote mbili, utapata takriban 0.28. Zidisha kwa mechi 162, jibu ni kama ushindi 45.

Maana yake ni kwamba timu ilistahili ushindi 45 ikapata 41. Bahati mbaya ipo, lakini ni ya mechi nne. Ukipata pengo la mechi 10 au zaidi, tafuta sababu kwenye mechi za mkimbio mmoja na kwa warushaji wa akiba wanaoingia mwishoni. Pengo likiwa dogo kama hili, usimtafute mchawi. Timu ni mbovu kweli, na swali linalobaki ni mbovu wapi.

Gawa 507 kwa 162: mikimbio 3.1 kwa mechi, ya chini kuliko timu zote 30 mwaka ule. Hapo ndipo penye kidonda. Shabiki anayemlaani mrushaji kwa kuruhusu mikimbio mitatu katika awamu sita amekosea mlango, maana mikimbio mitatu ndiyo yote ambayo wapigaji wake wangempa siku ya kawaida.

Hesabu hiyohiyo ilete kwa kocha kabla hujamshangilia au kumzomea. Pedro Grifol alifukuzwa Agosti 8 akiwa na ushindi 28 na vipigo 89. Grady Sizemore akashika kwa muda, akamaliza na 13 kwa 32. Kwa asilimia ni ushindi 24 kwa 100 dhidi ya 29 kwa 100. Katika mechi 45, tofauti hiyo ni ushindi wa ziada mara mbili. Haitoshi kusema lolote.

Jua kwa nini yuko uwanjani

Kuanzia Septemba 1 kila timu huongeza wachezaji kutoka 26 hadi 28. Timu inayochapwa huleta vijana wa ligi ndogo, na mara nyingi huwapa nafasi kuliko wakongwe. Kabla hujatoa hukumu, andika mbele ya kila jina moja kati ya haya: *anajaribiwa*, *anaziba pengo*, *ana mkataba usiobebeka*, au *anaoneshwa sokoni*. Mzibaji pengo wa miaka 30 mwenye mkataba wa mwaka mmoja hastahili hasira yako, mwakani hayupo. Ukimpigia kelele yeye umepoteza muda ambao ungemtazama kijana.

Angalia pia mipaka ya hadhi ya mchezaji mpya: mpigaji huipoteza akipita zamu 130 zinazohesabiwa (zisizohesabiwa ni kama zile za besi za bure na kafara), mrushaji akipita awamu 50, na kwa wote siku 45 kwenye kikosi cha ligi kuu. Ukiona kijana anakalishwa benchi bila jeraha akiwa na zamu 120, usikimbilie kudhani kocha hampendi. Huenda ofisi inaihifadhi hadhi hiyo ya mwakani kwa makusudi, kwa kuwa ina faida zake.

Wapigaji: hesabu zamu kabla ya kusema neno

Hapa ndipo mashabiki wengi wanapoanguka, kwa hiyo twende polepole.

Kila takwimu ina idadi ya zamu inayohitaji kabla ya kuanza kuaminika. Kiwango cha kuondolewa kwa straiki huanza kutulia karibu na zamu 60. Kiwango cha besi za bure, karibu na 120. Homurani, yaani mpira unaopigwa ukavuka uzio wa uwanja, kama 170. Wastani wa kupiga, yaani hiti ukigawa kwa zamu zinazohesabiwa, ile namba ambayo kila mtu anaisoma kwanza, unahitaji zaidi ya zamu 900, yaani karibu misimu miwili. Kijana aliyepandishwa katikati ya Agosti atafika mwisho wa msimu na zamu 120 hadi 160. Kwa hiyo katika namba zake zote, mbili za kwanza ndizo zenye sauti, na wastani wa kupiga ni kelele.

Mfano ulio wazi kabisa ni Miguel Vargas. Alitoka Dodgers mwishoni mwa Julai 2024 katika biashara ya timu tatu iliyowaondoa Michael Kopech, Erick Fedde na Tommy Pham. Mashabiki walitarajia mtu wa kujenga naye. Akapiga hiti 14 katika zamu 135 zinazohesabiwa, wastani wa 0.104. Namba hiyo ukiitazama peke yake unamtupa. Lakini alikuwa na miaka 24, aliendelea kupata besi za bure, na zamu zilikuwa chache mno kumfungia mtu mlango. Mwaka 2025 alicheza mechi 138, homurani 16, wastani 0.234. Hakuwa nyota, ila kati ya 0.104 na 0.234 kuna umbali wa mchezaji asiyefaa na mchezaji wa kila siku.

Namna ya kuigundua bahati mbaya ya aina hiyo ni kuhesabu mipira iliyopigwa ndani ya uwanja ikawa hiti. Toa homurani kwenye hiti. Gawa jibu kwa zamu zinazohesabiwa, ukiondoa alizoondolewa kwa straiki na homurani, kisha ukiongeza mipira ya juu ya kafara (iliyodakwa lakini mwenzake akafunga mkimbio). Ligi nzima hukaa karibu na 0.290 hadi 0.300.

Tuchukue mpigaji wa kubuni: zamu 122, kati ya hizo 110 zinahesabiwa, hiti 18, homurani 3, ameondolewa kwa straiki mara 25, besi za bure 11, kafara 1. Wastani wake ni 0.164, aibu. Sasa hesabu: 18 toa 3 ni 15. Chini: 110 toa 25 toa 3 jumlisha 1 ni 83. Gawa 15 kwa 83, unapata 0.181. Mipira yake imekuwa ikiwafuata wadakaji mikononi. Angepata 0.295 ya kawaida, angekuwa na hiti 27 badala ya 18, na wastani wa 0.245, wakati wastani wa ligi yote mwaka 2024 ulikuwa 0.243. Kuondolewa kwa straiki ni mara 25 katika 122, asilimia 20.5, afadhali kuliko ligi iliyokuwa karibu na 22.6. Besi za bure ni asilimia 9, juu kidogo ya ligi. Kiti cha kocha kingekuwa chako, huyu humwachi. Hiti tisa ndizo zilizomgeuza kuwa kichekesho.

Tahadhari: namba ya chini si bahati mbaya siku zote. Anayepiga mipira laini inayobingirika kwa shotstopu (mlinzi aliye kati ya besi ya pili na ya tatu) naye atapata 0.181, na anastahili. Kuwatofautisha hawa wawili kunahitaji macho.

Chagua mechi nne, ikiwezekana dhidi ya timu mbili tofauti. Kwa aliye Afrika Mashariki, mechi ya jioni ya Chicago inayoanza saa moja na dakika kumi ya huko huangukia saa tisa na dakika kumi usiku kwetu, kwa hiyo afadhali mechi za mchana: inayoanza saa saba na dakika kumi ya Chicago ni saa tatu na dakika kumi usiku, unaitazama ukiwa umeshakula. Mtazame mpigaji mmoja au wawili tu kwa mechi. Ukijaribu kuwatazama wote tisa utakuwa unatazama ubao wa matokeo.

Kwa kila zamu, weka alama tatu. Ya kwanza: je, alifuata mpira ulio nje ya eneo la straiki? Ya pili: mpira wa kasi wa katikati, aliukosa au aliuchelewa? Ya tatu: alipogusa mpira, ulitoka kwa kishindo au ulikuwa laini? Mpira uliopigwa kwa kasi ya kilomita 153 kwa saa au zaidi huhesabiwa mgumu, na matangazo mengi huionesha namba hiyo kwenye skrini.

Kosa linalofaa kutazamwa kwa ukaribu ni hili. Mpigaji ana straiki mbili. Mrushaji anarusha slaida inayoanza kama mpira wa kasi wa katikati, halafu inateremka na kukimbia nje, chini ya magoti. Tazama bega la mbele la mpigaji, usitazame mpira. Likifunguka mapema kuelekea besi ya tatu (kwa mpigaji wa mkono wa kulia), nyonga zimeshaondoka, mikono inabaki kuufuata mpira peke yake, na gongo linapita hewani futi nzima juu ya mpira. Mara moja ni kawaida. Hata nyota hufanya. Akifanya mara tatu katika mechi mbili, jua kuwa timu pinzani zimeshaandika hilo kwenye karatasi zao na hatarushiwa kitu kingine mpaka ajifunze kuuacha mpira huo upite. Huo ni udhaifu wa kweli, na zamu 60 zinatosha kuuona katika kiwango chake cha straiki.

Kinyume chake kipo: kijana anayeondolewa, lakini baada ya kurushiwa mipira saba au minane, akiwa ameacha ile ya nje na kuipiga pembeni ile ngumu. Kwenye ubao ni auti kama auti nyingine. Kwenye daftari lako ni alama ya kijani.

Warushaji: ushindi wao si wao

Futa safu ya ushindi na vipigo ambavyo takwimu humwandikia kila mrushaji. Ikikuuma, ifunike kwa kidole.

Garrett Crochet alimaliza 2024 akiwa na ushindi 6 na vipigo 12. Mtu asiyejua atadhani ni mrushaji wa kawaida kwenye timu mbaya. Lakini kanuni inasema mrushaji wa kuanza hapewi ushindi bila kumaliza awamu tano, na kuanzia Julai timu ilimwekea kikomo cha awamu nne kwa mechi. Kisa ni kwamba alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko 2022 na akarusha awamu 12 na ushee tu katika ligi kuu mwaka 2023. Kumpandisha ghafla hadi 180 kungekuwa kuuchezea mkono wenye thamani kuliko kikosi kizima. Kwa hiyo kwa nusu ya pili ya msimu hakuwa na njia ya kushinda hata angerusha vipi.

Badala yake, pima vitu vitatu ambavyo wadakaji hawavigusi: wapigaji walioondolewa kwa straiki tatu, besi za bure pamoja na waliogongwa na mpira, na homurani. Kanuni inayoitwa FIP hufanya hivi: homurani mara 13, jumlisha besi za bure na waliogongwa mara 3, toa walioondolewa kwa straiki mara 2, gawa kwa awamu, kisha ongeza namba ya kusawazisha, ambayo kwa 2024 ilikuwa kama 3.17.

Crochet: homurani 18, besi za bure 33, waliogongwa 5, straiki tatu 209, awamu 146. Hivyo 234 jumlisha 114 toa 418 ni hasi 70. Gawa kwa 146: hasi 0.48. Ongeza 3.17: 2.69. Wastani wake halisi wa mikimbio kwa awamu tisa, ERA, ulikuwa 3.58. Pengo la karibu mkimbio mzima kwa kila awamu tisa linaonesha kuwa mrushaji aliwazidi walio nyuma yake. Desemba 2024 aliuzwa Boston kwa vijana wanne, na 2025 akamaliza na ushindi 18, vipigo 5, ERA 2.59 na straiki tatu 255. Aliyeisoma FIP Septemba hakushangaa.

Chris Flexen ni somo la upande wa pili. Timu ilipoteza mechi 20 mfululizo alizoanza yeye, na jina lake likawa mzaha. ERA yake ilikuwa 4.95. Ni mbaya, lakini ni ubaya wa kawaida wa mrushaji wa tano, na alirusha awamu 160. Timu isiyo na warushaji inahitaji mtu wa kula awamu, la sivyo wa akiba wanachakaa kufikia Julai. Hukumu sahihi kwake: alifanya kazi aliyoajiriwa kufanya, wala hakuna sababu ya kumbakiza.

Kisha kuna mtego wa Septemba wenyewe. Sean Burke alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu mwezi huo: awamu 19, straiki tatu 22, ERA 1.42. Namba tamu. Akapewa kuanza siku ya ufunguzi ya 2025, na akarusha awamu sita bila kufungwa dhidi ya Angels. Mwisho wa msimu huo ERA yake ilikuwa 4.22. Hakuna aliyedanganya; awamu 19 ni wapigaji wachache tu, na wengi wao walikuwa hawajawahi kumwona. Kiwango cha straiki cha mrushaji huanza kutulia baada ya wapigaji 70 hivi, cha besi za bure baada ya 170. Burke alionesha kuwa anaweza kuwakosesha watu mpira, na hilo lilikuwa kweli. Kwamba hatafungwa, hilo halikuwa na ushahidi.

Ukimtazama mrushaji kijana, andika kasi ya mpira wake katika awamu ya kwanza na tena katika ya nne au ya tano. Ikishuka kwa kilomita mbili au tatu kwa saa, ama amechoka na msimu ama mwili haujazoea. Andika pia kinachotokea wapigaji walewale wanapomrudia mara ya tatu. Mwenye mipira miwili tu, wa kasi na slaida, huanza kusomwa hapo, na mara nyingi maisha yake ya baadaye ni kwenye akiba. Hilo si tusi. Akiba nzuri ni bidhaa.

Ulinzi, kwa kifupi

Usizitumie namba za ulinzi za mwezi mmoja. Hata za msimu mzima zinayumba. Usihesabu makosa pia, kwa sababu asiyeufikia mpira hakosei. Tazama hatua ya kwanza: mlinzi wa katikati ya uwanja wa nje aanze kukimbia mpira unapogongwa, asisubiri kuuona ukipanda. Tazama anamrushia nani. Anayerusha juu ya kichwa cha mtu wa kati na kumpa mkimbiaji besi ya ziada anafundishika, mzito wa miguu hafundishiki.

Fedha na muda huamua kuliko wewe

Maoni yasiyojali mkataba ni stori za kijiweni. Mchezaji hukusanya siku za huduma: 172 ni mwaka kamili, na akifikisha miaka sita anakuwa huru kwenda atakako. Miaka mitatu ya kwanza hivi hulipwa kima cha chini, halafu mishahara hupanda kwa usuluhishi. Kwa hiyo mpigaji wa wastani mwenye mwaka mmoja wa huduma ana thamani kubwa kuliko mpigaji mzuri kidogo mwenye miaka mitano na nusu, hasa kwa timu isiyotarajia kushinda mwakani.

Andrew Benintendi alisaini dola milioni 75 kwa miaka mitano kuanzia 2023. Mwaka 2024 alipiga homurani 20 kwa wastani wa 0.229. Kupiga kelele "auzwe" hakusaidii. Mnunuzi atataka timu ilipe sehemu kubwa ya mshahara. Swali sahihi ni kama anamzibia njia kijana aliye tayari. Kama hakuna kijana huyo, mwache acheze.

Luis Robert Jr. ni mgumu zaidi, na hapa tuseme wazi kuwa hata hesabu nzuri haikupi jibu. Homurani 38 mwaka 2023. 14 katika mechi 100 mwaka 2024, akiwa amekosa karibu miezi miwili kwa jeraha la nyonga. Kuuza chini ni hasara, kwa hiyo timu ikamshikilia. Mwaka 2025 akapiga tena 14, katika mechi 110. Aliyesema Septemba 2024 "subirini apande bei" alikuwa na hoja nzuri na akakosea. Kipimo ambacho kingempunguzia uhakika ni historia ya majeraha: mchezaji ambaye hamalizi misimu hupunguziwa thamani kila mwaka, hata akipiga vizuri anapokuwepo.

Na usimhukumu mtu kana kwamba mazingira hayapo. Andrew Vaughn alipiga 0.189 katika mechi 48 za mwanzo wa 2025 akiwa Chicago, akashushwa ligi ndogo, akauzwa Milwaukee mwezi Juni. Huko: 0.308, homurani 9 katika mechi 64. Sehemu ya hilo ni bahati kurudi mahali pake, sehemu ni mabadiliko ya kweli. Timu mbovu huenda pia ikamfanya mpigaji apokee mipira migumu kuliko kawaida, kwa kuwa anayemfuata kwenye safu hatishi mtu.

Wiki ya mwisho ina sumu

White Sox walishinda mechi tano kati ya sita za mwisho za 2024. Waliwafagia Angels mara tatu, wakapoteza ya kwanza Detroit, ambayo ndiyo ya 121, wakashinda mbili. Ikasikika minong'ono kwamba timu imeamka. Angalia waliofungwa: Angels walimaliza na vipigo 99. Detroit ilijihakikishia hatua ya mtoano usiku uleule wa kipigo cha 121, kwa hiyo mechi mbili zilizofuata hazikuwa na uzito uleule kwao. Takwimu za wiki hiyo zichore mstari na usizichanganye na nyingine. Mwamba ngoma huvutia kwake, na shabiki mwenye kiu ya ushindi ndiye mwamba ngoma mbaya kuliko wote.

Kuandika hukumu

Kwa kila mchezaji, mistari minne, isizidi. Umri na miaka ya huduma. Namba mbili za kuaminika kulingana na zamu au awamu alizo nazo, pamoja na idadi hiyo ya zamu pembeni. Kitu kimoja ulichokiona kwa macho. Kisha hukumu: *jenga naye*, *mpe miezi mitatu mingine*, *muuze*, au *mwachie*. Ongeza na kitu ambacho kingekufanya ubadili mawazo. Kwa Vargas ungeandika: miaka 24, zamu zinazohesabiwa 135, wastani usiofaa kusomwa, anapata besi za bure, mpe miezi mitatu, na akifika Julai bado hagongi mpira mgumu, mwachie.

Ukikuta umeandika *muuze* kwa zaidi ya nusu ya kikosi, rudi mwanzo. Huna wanunuzi wengi kiasi hicho, na umekuwa ukiandika ukiwa na hasira. Ukikuta *jenga naye* kwa zaidi ya wanne kwenye timu yenye vipigo 121, umelewa Septemba.

Usimpe mchezaji alama mbaya, au nzuri, kwa kusaidia timu "ifungwe ili ipate chaguo la kwanza" katika uteuzi wa vijana wapya. Chaguo za mwanzo za vijana hupangwa kwa bahati nasibu, na kanuni ziliwazuia White Sox kabisa kuingia kwenye bahati nasibu ya 2025 kwa sababu ni timu ya soko kubwa iliyokuwa imenufaika nayo mwaka uliotangulia. Vipigo 121 vikawapa chaguo la kumi.

Faida halisi ya kuwa wa mwisho iko mahali ambapo mashabiki wachache hutazama. Desemba kuna uteuzi wa wachezaji wa ligi ndogo ambao timu zao hazikuwaweka kwenye orodha yao ya watu 40 wanaolindwa, na timu mbovu kuliko zote huchagua kwanza. Gharama ni dola 100,000, na lazima mchezaji akae kwenye kikosi cha ligi kuu msimu mzima, la sivyo timu yake ya zamani hupewa nafasi ya kumrudisha. Desemba 2024 White Sox walimchukua hapo mrushaji Shane Smith kutoka Milwaukee; Julai iliyofuata alikuwa kwenye mechi ya nyota wa ligi. Kwa hiyo ukimaliza hukumu zako za Septemba, fungua ukurasa mpya uandike majina ya warushaji wa ligi ndogo wa timu nyingine wenye miaka 24 au 25, wanaoondoa wapigaji wengi kwa straiki na wasio kwenye orodha ya 40. Novemba timu zitakapotangaza orodha hizo, kata waliolindwa, ubaki na wengine.